Kukwangua Sufuria za Watu

Watu wakisikia kwamba miaka ya hamsini nilikuwa katika kambi ya jeshi, huko nje ya Voi, huniuliza upesi upesi kama nilipiga risasi. Sikupiga hata moja. Nilichopiga mimi ni sufuria, kwa katani na majivu, mpaka zinang'aa, na kesho yake zinarudi nyeusi kama vile sikuzigusa. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza kusimulia sipendi kukatizwa.

Nilikuwa kijana wa milimani, Mtaita, mwenye madarasa machache ya misheni na afya ya punda. Nilishuka Voi kutafuta kazi ya reli. Reli haikunitaka. Pale stesheni mpagazi mmoja akaniambia kambini wanatafuta kibarua wa jikoni, nikaenda na kifurushi changu kwapani. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, malori ya askari yanapita kwenda bara na kurudi, na kila askari aliyepita alikula. Kazi mbaya si mchezo mwema, nikajiambia, nitakaa kidogo halafu nitapata nyingine. Nilikaa miaka.

Jiko lenyewe lilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, meko ya mawe marefu chini yake, na upande wa nyuma, kwenye jua, palikuwa pangu: mapipa mawili ya maji, karai, rundo la majivu na katani ya mabaki tuliyoletewa kutoka mashamba ya mkonge. Mpishi mkuu alikuwa jitu la kutoka upande wa ziwa. Yeye akiepua, mimi napokea. Uji ulishika chini ya sufuria kama lami. Maharagwe vivyo hivyo. Mafuta ya nyama ya mkebe ndiyo yalikuwa adui yangu hasa, kwa sababu maji baridi hayayatoi, yanayahamisha tu kutoka sufuria kuja mikononi. Ukinawa, bado yapo. Ukilala, yapo. Ngozi ya vidole ilipasuka nikawa nashika kila kitu kwa viganja.

Yule mpishi hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Lakini alikuwa na wenzake wa kwao, na kazi ikiisha walikaa pamoja wakaongea lugha yao na kucheka. Askari nao walikuwa na askari wenzao. Mimi sikuwa askari, sikuwa mpishi, na jikoni lote sikuwa na Mtaita mwenzangu wa kumwambia hata habari za asubuhi. Mjini walikuwepo, tele, lakini kutoka kambini ulihitaji ruhusa, na ruhusa ya kibarua wa sufuria ilikuwa ya mwisho kabisa kufikiriwa. Wakanibandika jina, bibi ya sufuria. Mwanzoni nilitaka kupigana. Baadaye nikaitika, kwa sababu angalau lilikuwa jina, na mtu akiliita alikuwa ananiita mimi.

Nilikula wote wakishakula. Sehemu yangu ilikuwa ukoko wa uji au wa wali, nilioukwangua mwenyewe, na nilikula nimesimama, huku maji yanachemka. Nikawa naongea na sufuria Kidawida. Usinitazame hivyo. Ukikaa wiki nzima bila kusikia lugha ya mama yako, utaongea hata na pipa.

Alfajiri moja nilikwenda kumwaga maji machafu nikamkuta ndovu kwenye shimo la takataka. Alikuwa ametoka upande wa Ndara, nadhani, mwekundu wa vumbi lile letu, anachagua maganda ya viazi moja moja kwa mkonga wake, taratibu, kama mama anayechambua mchele. Nilisimama na ndoo yangu hatua chache tu kutoka kwake. Aliniona, akaendelea kula. Aliposhiba akageuka akaondoka, na nyasi zikafunga nyuma yake. Nilirudi jikoni moyo unanidunda kwa furaha, nikitafuta wa kumsimulia. Mpishi alikuwa anagombana na kuni mbichi. Nikawasha moto wangu nikaanza kazi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nisimulie.

Kwetu, baba na mtoto wa kiume aliyekua hula sahani moja. Mama huleta kimanga, ile ndizi na muhogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja, anaweka katikati, na mikono yenu inakutana humo. Hakuna anayekufundisha, unazaliwa umeikuta. Baba yangu na mimi tulikula hivyo tangu nilipopata akili.

Nilipopewa likizo ya kwanza nilipanda nyumbani karibu nakimbia. Bonde la Mwatate nilipita sikulisalimu. Mama alipika. Akaweka kimanga katikati yetu, nikanawa, nikanyoosha mkono. Baba alikuwa tayari amemega tonge lake. Akasita hapo, mkono juu ya sahani, akavuta pumzi ya pua.

"Mikono yako inanuka mafuta ya askari," akasema.

Akalirudisha tonge. Akamwambia mama alete sahani nyingine. Mama alidhani ni utani, akacheka kidogo, halafu akamwona uso. Akaleta. Kutoka jioni ile baba akala sahani yake na mimi yangu, nimekaa mkabala naye, nyumba moja, moto mmoja.

Nilidhani ataacha. Hakuacha. Kila likizo ilikuwa vile vile: tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za mvua na za mbuzi, chakula kinakuja, sahani mbili. Hasira hasara, wanasema. Basi ile hasara ilinikuta mimi, na mwenye hasira wala hakuinua sauti hata siku moja. Angenipiga ningejua la kufanya.

Mama alinieleza nikimsaidia kubeba maji, na alinieleza kwa kunong'ona, kwa sababu mambo hayo kanisani hayakupendwa. Moyo wa baba yako una joto, akasema. Mzazi akiwa na joto moyoni, hata asipokulaani, hata asiposema neno, mambo yako hayanyooki. Dawa yake ilijulikana toka zamani. Mwenye hasira hupiga funda la maji, au la pombe ya miwa, hulipuliza nje, na kwa kinywa chake mwenyewe husema hasira itoke na mema yaingie. Sisi tunaita kutasa. Ikishatoka, imetoka, mnakula pamoja.

Nilimwendea baba nikamwomba. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya ndovu. Alikuwa anapogoa migomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kurudia mambo ya kupuliza puliza mate kama watu wa zamani, na kwamba alikwisha kunisamehe mbele ya Mungu kwa maombi. Nikamwuliza kama amenisamehe, mbona hali na mimi. Akaendelea kukata majani.

Mtaniambia, mzee, wewe uliamini hayo? Sikujua kama naamini. Nilichokijua ni kwamba mafuta ya moto yaliniunguza mkono wote wa kushoto siku nilipokuwa makini kuliko siku zote. Nilijua pia habari ya msichana mmoja wa upande wa Bura, ambaye nilimpenda kweli na yeye alinipenda. Wazee wake hawakuuliza nina mbuzi wangapi. Waliuliza swali moja tu, je, baba yake anakula naye? Jibu lilikuwa linajulikana mlima mzima. Aliolewa na mwalimu. Na mimi nikaacha kwenda likizo. Kwenda kufanya nini, kuangaliana na sahani?

Kambi ilipoanza kupunguzwa watu, vibarua tulitangulia kuondoka. Nikapata kazi mjini Voi, katika hoteli ndogo karibu na stesheni, ambapo wasafiri waliosubiri treni ya Taveta au ya Mombasa walikula. Hapo nikaona uraiani kulivyo. Badala ya sufuria za kikosi, sahani nyembamba za udongo, glasi, na visu vya aina ambazo mpaka leo sijui kazi zake. Mikono ikapumzika kidogo. Lakini upweke haukuachwa kambini. Mle ndani sahani chafu zilikuja kwa dirisha dogo, mkono tu unauona, mkono unazisukuma, huoni uso. Mwaka mzima niliijua hoteli ile kwa vidole vya watu.

Bwana mkubwa wetu jikoni alikuwa mpishi wa kutoka pwani, msafi kupita kiasi, mwenye Kiswahili kitamu na hasira za karibu. Sakafu ya saruji ilikuwa ndiyo fahari yake. Tuliisugua kwa dawa kila baada ya chakula, na akiona tone moja juu yake anauliza limetoka kwa nani. Mimi ndiye niliyepangusa. Chai ikimwagika, mchuzi ukimwagika, yai likianguka, jina langu lilikuwa la kwanza kuitwa, na nilipiga magoti nikapangusa.

Mchana mmoja, vyombo vya chakula cha mchana vimejaa sinki, nikasikia mtu anabisha mlango wa nyuma. Nikafungua. Ni baba.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na koti lilikuwa limekuwa kubwa. Uso umeingia ndani, tumbo limetoka mbele. Alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili. Akaniambia mama yuko stesheni na mizigo, wamekuja kwa lori, na jioni wanapanda treni kwenda hospitali kubwa ya Mombasa, kwa sababu huku walishasema hawawezi. Aliyasema yote kama mtu anayetoa habari za jirani.

Nikamkaribisha ndani, nikageuza kreti nikamkalisha. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Nikamwuliza kama amekula. Akasema hakuja kula. Akatazama sinki, akatazama rundo la sufuria chini.

"Hizo zote ni zako?"

"Zangu, baba."

Akanyoosha mkono akachukua moja, akaingiza kidole chini kabisa, kwenye pembe, mahali ukoko hujificha. Akaniambia pale bado. Akaniambia ukoko wa pembeni hautoki kwa majivu, unataka mchanga wa mtoni, ule wa chembe ndogo, na usugue kwa kisigino cha mkono. Nikamtazama. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona baba akishika sufuria. Nikamwuliza amejuaje.

Ndipo aliponiambia. Wakati wa ile Vita Kuu ya kwanza, akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi nilipoingia kambini, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wakapelekwa mpaka chini ya kilima cha Salaita. Huko wakamtoa kwenye mizigo wakamweka jikoni kukwangua sufuria. Maji yalikuwa ya kunywa tu, na hayo nayo hayatoshi, kwa hiyo walitumia mchanga. Alikwangua mpaka kucha zikatoka. Waliokuwa naye wengi walikufa kwa kuhara, na yeye aliendelea kukwangua, kwa sababu waliobaki ilibidi wale. Aliporudi nyumbani hakumwambia mtu, hata mama hajui. Aliapa tu moyoni kwamba akizaa mtoto wa kiume, mtoto huyo hatagusa sufuria ya askari.

"Ile siku ulinyoosha mkono juu ya kimanga," akasema, "harufu ile nilikuwa naijua. Nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa mbele yangu ulikuwa wewe. Nipe maji."

Nilimpa kwenye kikombe cha bati. Nilidhani ana kiu. Akasimama, polepole, akiegemea ukuta, akavua kofia. Akapiga funda, akaligeuza mdomoni, akalipuliza chini kwenye saruji iliyosuguliwa, na matone yakaruka mpaka miguuni kwangu. Akasema kwa Kidawida, kwa sauti ile aliyokuwa akisomea kanisani, kwamba kilichokuwa moyoni mwake kitoke, kiende na maji. Kwamba huyu ni mtoto wake. Kwamba mikono hii ifanye kazi ipone, ishike mke, ishike watoto. Akamtaja Mungu. Na mimi nikawa nalia bila aibu, mtu mzima, aproni kiunoni.

Halafu akaninyooshea kikombe.

"Na wewe toa yako."

Nikasema sina. Nilikuwa namaanisha. Akaniuliza, mtu ameachwa ale peke yake miaka yote hii, na hana hasira? Nikafungua mdomo nibishe. Basi ikanipanda, wee, kutoka huko chini, mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe nilikuwa nayo! Nilikuwa nayo kubwa kuliko yake. Nikamwambia. Nilimwambia habari za msichana wa Bura. Nilimwambia nilivyokula nimesimama, nikaenda kwetu nikala nimekaa, na kule nilikosimama ndiko kulikuwa na nafuu. Hakujitetea. Nilipomaliza nikapiga funda, nikapuliza pale pale alipopuliza, nikasema itoke.

Mpishi alitokea mlangoni akakuta sakafu yake ina madimbwi.

"Nani ametema mate jikoni kwangu?"

Nikamwambia huyu ni baba yangu, na hayo si mate. Akasema hata yangekuwa ya zamzam, yapanguswe, na mzee atoke nje, jikoni si kliniki. Akanirushia tambara. Nililidaka. Magoti yangu yalianza kukunjika yenyewe, nawaambia ukweli, yalivyozoea. Baba akaniambia kwa upole, kwa Kidawida, nipanguse tu, ni maji, kazi yake yamekwisha kuifanya, nisije nikapoteza mkate wangu. Na alikuwa amesema kweli.

Nikaliweka tambara juu ya sinki.

"Haya yatakauka yenyewe," nikamwambia mpishi.

Akaniuliza kama ninajua ninachosema. Nikavua aproni, nikaikunja, nikampa. Sikuwa na ujasiri wowote. Lakini nilikuwa nimepangusa kila kitu cha kila mtu, na hayo yalikuwa ya baba yangu na mimi.

Tukatoka, yeye ameshika bega langu. Stesheni tulimkuta mama amekaa juu ya mizigo kwenye kivuli. Alituona tunavyokuja, akatazama lile bega. Akafungua kitambaa. Alikuwa amefunga kimanga cha njiani kwenye jani la mgomba. Akachana kipande cha lile jani pembeni, akaanza kukigawa kimanga mara mbili, jinsi alivyozoea, bila kutuuliza.

Baba akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Weka hapo katikati."

Mama aliweka. Akajifunika uso kwa leso, akageukia reli. Tulikula. Baba hakuweza kula sana, alikuwa anamega vidogo vidogo, vidole vyake vinagusa vyangu, na nikaona anachelewesha makusudi ili tusimalize. Nami nikachelewesha. Abiria walipita wakatukanyagia mizigo, hatukuinua macho. Kengele ya treni ilipopigwa bado kulikuwa na kimanga kidogo, na yeye akanisukumia.

Mombasa walimpasua, na hakuamka. Mama alirudi peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi nyingine, jikoni kwa meneja wa shamba la katani, nyuma ya nyumba, sufuria zile zile na mafuta yale yale. Jioni nilikuwa nakaa chini kwenye ngazi, peke yangu kama kawaida, nakula. Nilikuwa mpweke bado, sitawadanganya. Lakini nilikuwa nimekaa.